Neno Nililokubebesha kwa Miss Pearl

Mwanangu Rukia,

Sikuulizi hali, maana nakusikia hapo chumbani ukigombana na zipu ya sanduku, na kwa jinsi unavyosonya najua u mzima. Mimi nipo jikoni. Nimekwambia naandika vitu vya kununua dukani, nawe umejifanya kuniamini, ingawa mama yako hajawahi kuandika vitu vya dukani tangu azaliwe.

Ya pasipoti, ya dawa ya mbu, ya maji ya kuchemsha, umeyasikia wiki nzima hadi jana ukaniziba mdomo kwa kiganja. Sitayarudia. Kesho unakwenda Jamaica, huko milimani Clarendon, kumtunza Miss Pearl ambaye kisukari kimemmaliza macho yote mawili. Mwanawe Devon yupo hapo Sterling tu, mji wa jirani, lakini makaratasi yake hayajakaa sawa, akitoka nchi hii harudi. Kwa hiyo unakwenda wewe. Tiketi ni ya kwenda tu. Niliiona juu ya friji, nikaifuta vumbi lisilokuwepo, nikairudisha. Sikuuliza, kwa sababu niliogopa jibu.

Ulipokuja kuniambia ulisimama hapo hapo kwenye friji. Ukasema, "Mama, naenda kwa Miss Pearl. Naenda kukaa naye." Kwa Kiswahili. Wewe ambaye miaka yote hii nakusemesha kwa Kiswahili unanijibu kwa Kiingereza, ukachagua siku hiyo lugha ambayo nisingeweza kujifanya sikuielewa. Nikajua umeshaamua. Nikakuuliza kama umekula.

Sasa nataka nikusimulie habari zetu sisi watatu, mimi, wewe na huyo mama, tangu mwanzo. Mwanzo wake huukumbuki, ulikuwa mchanga. Mwisho wake unaukumbuka vizuri mno.

Baba yako aliporudi Dar es Salaam kwa miezi miwili ili aweke mambo sawa, ulikuwa hujaanza kusimama. Mambo hayo mpaka leo hayajakaa sawa, Mungu amsaidie. Mimi nilibaki hapa nabeba boksi, yaani vibarua vya ughaibuni, kama wenzangu, ila boksi langu lilikuwa linapumua: bibi mmoja mjane wa Upper Marlboro, mkali, niliyemwogesha na kumlisha na kumgeuza kitandani. Wewe ulikuwa unashinda kwa binti mmoja wa Kikenya wa ghorofa ya juu, naye alikuwa anahamia Texas. Sikuwa na mtu. Nakumbuka nilivyokuwa nikihesabu majina ya watu ninaowajua katika Maryland nzima, nikifika kwa mwenye duka la simu naishiwa.

Jumapili moja napanda ngazi za yale magorofa ya matofali mekundu ya Bladensburg, wewe mgongoni ndani ya kanga, nikasikia harufu ya tui la nazi. Tui hasa, linachemka. Nilikaa ngazini nikalia, mtu mzima na kanga yangu. Kisha nikaifuata harufu hadi mlango wa chini, nikabisha hodi.

Akafungua mwanamke mnene, mrefu, kafunga kilemba, mkononi ana kikunio cha bati na kipande cha nazi. Hakuniuliza nataka nini. Alitazama uso wangu, akakutazama wewe, akarudi jikoni, nikaelewa kwamba ninatakiwa kumfuata. Ndiye Miss Pearl. Kwao mwanamke mzima huitwa Miss na jina lake, kama sisi tunavyosema Bi, na kuanzia dakika ile mimi nikawa Miss Zuhura. Nilimwambia kwetu Tanga tunakaa juu ya mbuzi tukakuna nazi, hatusimami kama askari. Akanijibu kwamba ndiyo maana sisi wa Afrika tunachelewa kula. Nikacheka. Nilikuwa sijacheka muda mrefu.

Tulibishana siku ile ile ya kwanza. Yeye anatia maharage na mchele na tui katika chungu kimoja, anaweka pilipili mbuzi nzima juu, anaiondoa kabla haijapasuka. Nikamwambia kwetu wali wa nazi ni wali wa nazi na maharage ya nazi ni maharage ya nazi, kila kimoja na sufuria yake na heshima yake. Akasema hiyo ni kazi ya watu wasio na watoto. Tulikuwa na vitu vile vile, mwanangu. Nazi, mbaazi, muhogo, ndizi mbichi, ng'onda, mahindi. Vitu vyote vya nyumbani kwetu vilikuwa katika jiko la mwanamke yule, vimepikwa kivingine. Nilifurahi na nikaudhika kwa pamoja, na ningekuwa na akili ningeuona ule udhia mdogo nikaushughulikia mapema.

Basi ukalelewa chini kule. Mimi nilikuwa nakulipia chakula na viatu, Miss Pearl akakupa utoto. Asubuhi uji wa mahindi wenye kungumanga na mdalasini na maziwa mazito ya kopo. Jumamosi supu ya boga yenye matonge ya unga, na ole wako usiimalize. Jumapili baada ya kanisa ulikaa kati ya magoti yake pale kwenye ngazi za nje, anakusuka, anakupaka mafuta ya nyonyo mpaka paji la uso linang'aa, na wewe unasinzia. Shule zikikaribia kufunguliwa alikuchemshia majani yao ya mtambaazi, machungu ajabu, akakubana pua ukameza, ili tumbo lisafike uingie darasani na akili nyepesi. Alikusimulia hadithi za kwao, na mimi nikirudi nikijaribu ya Sungura wangu unanikatiza unasema Sungura huyo angekutana na buibui mjanja wa Miss Pearl angeuzwa sokoni.

Alikufundisha kwamba mtu haingii mahali pa watu bila kusalimu. Ulikuwa na miaka minne unapanda basi unamsalimu dereva, unageuka unawasalimu abiria wote, jioni njema, jioni njema, hadi wazee wenye magazeti wanayashusha. Watu walinipongeza kwa malezi. Nilipokea pongezi. Hata siku moja sikusema si zangu.

Hata kusonya ulijifunza kwake. Siku ya kwanza uliponisonya nilikuchapa, na huku nakuchapa nikawa najiuliza umeipata wapi sauti ya bibi yangu wa Ngamiani hapa Bladensburg. Kumbe na wao wanasonya, na vizuri kutushinda.

Alikuita Putus. Kwao ni jina la mtoto wa moyoni. Uliniambia nikuite hivyo na mimi, nikakataa, nikakwambia una jina, alikupa nyanya yako.

Halafu ile homa. Hilo hulikumbuki kwa sababu ulikuwa unaweweseka. Sikwenda kazini, nikakaa na wewe, nikakupikia uji, nikaupoza, nikakuletea kijiko mdomoni. Ukausukuma. Ukamtaja Miss Pearl, ukataka wake. Unga ule ule wa mahindi, Rukia, wa pakiti ile ile, tumenunua naye siku moja. Nikarudi jikoni nikatia kungumanga. Ukasukuma tena. Ilibidi nishuke ngazi nikamwombe aje amlishe mtoto wangu, na alipokuja ulimeza bakuli zima macho yamefumba. Nilimshukuru. Nilimshukuru kwa maneno mazuri kabisa, huku moyoni nimemwekea jiwe.

Sasa Ijumaa Kuu.

Ulikuwa na miaka sita. Ulilala kwake, kama ilivyokuwa desturi nikiwa na zamu ya kulala Upper Marlboro. Binti wa yule mjane alifika mapema akanipa ruhusa, nikapanda basi la kwanza, nikafika jua ndiyo linachomoza. Mlango wa Miss Pearl ulikuwa wazi. Ulikuwa umepiga magoti juu ya kiti mbele ya dirisha la jikoni, na dirishani palikuwa na glasi ya maji, na ndani ya maji ute wa yai. Ute ulikuwa umepanda nyuzi nyuzi, mweupe, umesimama ndani ya mwanga.

Unajua mtu wa Tanga anaona nini hapo? Kwetu yai likikutwa mahali ambapo si jikoni wala si kwenye kiota, hakuna anayeuliza ni la nini. Tulipokuwa watoto tulikuta moja njia panda, limechorwa kwa mkaa. Tulizunguka mtaa mzima kulikwepa, na bado bibi alituogesha na kutusomea mpaka tukachoka. Nilisimama pale mlangoni na mkoba wangu.

Miss Pearl aliniona akatabasamu. Akaniambia nisihofu, ni mchezo wao wa Ijumaa Kuu. Unavunja yai kabla ya jua, unatia ute kwenye maji, jua likipanda unatazama umbo. Ukiona kanisa utaolewa. Ukiona meli utasafiri. Alicheza yeye, alicheza mama yake, na wote walikuwa watu wa kanisa, wa benchi la mbele. Akacheka akasema kijijini kwao kila mtoto aliona meli, maana kila mtoto alitaka kuondoka.

Ingeishia hapo ningenung'unika tu, nikaomba chai. Lakini ulinigeukia, uso wote unacheka, ukaniambia ni meli. Ukasema ndani mpo wawili, wewe na Miss Pearl, mnakwenda kwao kuona kuku na mto wa kuogelea. Nikakuuliza, na mimi? Ukaiangalia tena ile glasi, kwa makini, maana ulikuwa mtoto mkweli, ulitaka kweli kunitafuta mle ndani. Kisha ukasema, "Wewe uko kazini, Mama."

Nilichukua glasi nikaimwaga kwenye sinki. Nilimtazama Miss Pearl usoni nikamwambia, "Mchawi wewe."

Hakujua Kiswahili. Alisikia sauti tu. Hakunijibu mimi, alikugeukia wewe, akakuuliza kwa upole mama amesema nini, Putus.

Na wewe alikufundisha mwenyewe kwamba mtu mzima akiuliza anajibiwa. Nilikuona unalitafuta neno. Nilikuwa na muda wa kukuzuia, Rukia, na hilo ndilo ninalotaka ulijue kuliko yote. Nilikuwa na muda. Ningeweza kusema basi, tuondoke. Nilinyamaza nikakuacha utafute, kwa sababu nilitaka alielewe. Ukalipata. Ukamwambia kwa lugha yake, kwa lile neno lao la uchawi, kwamba mama anasema wewe ni mtu wa obeah. Neno ambalo mwanamke wa kanisa wa huko akiitwa mbele za watu anaweza kuhama kijiji. Ulilitamka taratibu, vizuri, kama unasomeshwa.

Alikaa kwenye kile kiti ulichokuwa umepiga magoti. Alichukua kitambaa akafuta meza, na meza ilikuwa safi. Ulikuwa unatutazama kwa zamu, mimi na yeye, kuona nani kati yetu atakuambia umefanya vizuri. Nilikushika mkono tukapanda ngazi, wewe na soksi tu.

Jumatatu ya Pasaka nilikuta mfuko umetundikwa kwenye kitasa chetu. Ndani mlikuwa na viatu vyako, vimepigwa rangi. Na mkate wao wa Pasaka, ule mweusi wa zabibu na viungo, na kipande cha jibini ya njano. Viatu nilikuvalisha. Mkate niliula mwenyewe, nimesimama, mlango wa jikoni nimeufunga, na jibini yake, na makombo nikayaokota kwa kidole. Ulikuwa mtamu.

Mtu anayeamini kweli kwamba fulani ni mchawi hali mkate wake. Kwa hiyo nilijua. Hata wiki haikupita, nikajua kwamba sikuwa na woga wowote wa uchawi. Nilikuwa na wivu. Lakini habari ya yai nilikwisha kuwasimulia kina mama wenzangu, na wote walishika vifua wakasema Mungu amekuokolea mtoto, na mimi nikaona ni rahisi zaidi kuwa mama aliyeokolewa mtoto kuliko kuwa nilivyokuwa. Tukahama. Tulivuka mto tu, hatukufika hata mbali, kama watu waliofanya fujo mahali wakaona aibu ya kupita tena. Ukaanza kushinda kwa mama mmoja wa Kikongo aliyejaza watoto wa watu mbele ya televisheni, na ulipofika miaka tisa ukaanza kukaa peke yako na ufunguo shingoni. Hiyo ndiyo bei yake, na uliilipa wewe.

Na tangu Ijumaa ile hukunijibu tena kwa Kiswahili. Nimewaambia watu miaka yote kwamba watoto wa huku ndivyo walivyo, wanaelewa lakini hawasemi. Wote tunasema hivyo, tunacheka, tunapitisha sambusa. Lakini chako wewe hakikupotea polepole kama cha wenzako. Alhamisi ya kabla yake ulikuwa unaimba kwa Kiswahili bafuni. Jumamosi nikakuuliza unataka nini ukanijibu kwa Kiingereza, na uso wako ulikuwa umefunga. Uliona neno moja la lugha hii lilivyofanya kazi mikononi mwako, ukaiweka chini.

Yule mjane wa Upper Marlboro alikufa mwaka uliofuata, na mimi ndiye niliyekuwa naye. Watoto wake walikuwa njiani. Mwishoni huwa wanaita watu, utayaona hayo na wewe. Nilidhani atamwita mama yake. Alimwita yaya aliyemlea, mama mmoja mweusi wa mashambani huko, aliyekwisha kufa kabla mimi sijazaliwa. Alimwita kama mtoto aliyeamka gizani, jina lile lile, mara nyingi. Nilimshika mkono nikaitika. Sikujua la kufanya lingine. Asubuhi nikirudi nilishuka kwenye basi vituo viwili kabla, Bladensburg, nikasimama nje ya yale magorofa yetu ya zamani. Taa ya jikoni ya Miss Pearl ilikuwa inawaka. Ningeingia tu. Niliangalia mpaka miguu ikafa ganzi, kisha nikaenda nyumbani nikalala. Baadaye nikasikia amerudi kwao.

Wewe ulimpata ulipokuwa sekondari, kwa bahati ya kukutana na Devon kwenye duka la mikate la Georgia Avenue. Hukuniambia. Nilikuta kadi za simu kwenye mfuko wa suruali yako ya jinzi, zimeandikwa Karibea, nikajua hapo hapo. Unajua nilifanya nini? Nilizirudisha mfukoni nikaifua suruali pamoja nazo, kwa maji moto. Ulipozitoa zimelowa ulinitazama, nikakwambia usiwe unaacha vitu mifukoni. Nakuandikia hili ili usidhani kwamba mkate ule ulinifundisha kitu mara moja. Mtu anaweza kulijua kosa lake vizuri kabisa na akaendelea kulilisha.

Na wiki iliyopita ulinipa simu bila kunionya. Nikasikia jogoo, nikasikia mtu anapumua. Akaniuliza, "Miss Zuhura, bado unakuna nazi?" Sauti imezeeka, lakini haikuwa na kisu. Nikamwambia ndiyo. Uongo. Tangu tuhame sijakuna nazi, nafungua kopo. Kisha nikasema mboga inaungua, nikakurudishia simu. Hakukuwa na mboga motoni, nawe ulikuwa umesimama hapo hapo unaliona jiko limezimwa. Hata kusonya hukusonya.

Nilisema sitakupa maagizo, lakini kuna mambo machache ninayoyajua kwa sababu ndiyo kazi yangu. Mtu asiyeona, ukiingia taja jina lako kila mara, hata kama umetoka dakika ile ile. Viti vyake usivihamishe. Na utachoka, mwanangu, si uchovu wa kulala ukaisha. Iko siku utamchukia. Atakuita mara ya kumi usiku na utamchukia kwa roho yako yote, na utajiona shetani, kwa kuwa huyu ndiye aliyekusuka. Usijione. Mimi nimewachukia wengi kwa nusu saa, kisha nikawabadilisha shuka. Ukimaliza kubadilisha shuka chuki inakuwa imeondoka, au imepungua kiasi cha kuweza kulala nayo.

Kitu kingine nilichojifunza nimechelewa nacho. Nilidhani mapenzi yako ni sahani moja, akila mwenzangu mimi napungukiwa. Nikaipindua sahani. Tulikosa wote watatu. Ukija kupata mtoto na akampenda mtu mwingine kwa namna itakayokuuma, uumie. Kaa nao mezani na maumivu yako, kula nao. Sina hekima zaidi ya hiyo, na hiyo yenyewe sijaijaribu.

Uliniuliza mara moja tu, ulipokuwa na miaka kama kumi na mbili, kama na mimi niliiona meli kwenye ile glasi kabla sijaimwaga. Nilikwambia hakukuwa na kitu, ni yai tu. Niliiona, Rukia. Ilikuwa na milingoti yake na yote. Ilikuwa meli nzuri, na nilijua ni ya nani.

Kuhusu kurudi, sitakuuliza, wala usinidanganye kwa kunionea huruma. Chumba chako kitakaa kama kilivyo kwa muda, kisha najijua nitaanza kukijaza maboksi, na baadaye nitamkodisha binti wa mtu. Nitalia. Nitalia sana, nikuambie tu ukweli, na watu watakaokusimulia usiwaulize zaidi. Ukiamua kubaki huko moja kwa moja, naomba kitu kimoja, uniambie kwa Kiswahili kama ulivyofanya pale kwenye friji. Mabaya nitayameza vizuri zaidi yakija kwa lugha yangu.

Nilitaka barua hii iwe na ujumbe kwa Miss Pearl. Nimeandika kurasa mbili za kumwomba radhi, kwamba umsomee, umwambie kwa Kiingereza kizuri kama unavyojua wewe. Nimezichana, zipo kwenye pipa hapa chini ya miguu yangu. Nilipofika mwisho niliona ninachokifanya. Nilikuwa nakutuma tena.

Kwa hiyo hivi ndivyo tutakavyofanya. Devon atakuja alfajiri na gari. Mimi nimeomba ruhusa ya siku mbili, nitakusindikiza mpaka pale wanapokagua mabegi, kisha nitarudi nyumbani. Sitakuwa kazini. Nitakaa hapa jikoni na simu mezani mpaka upige. Ukifika, msalimu kwanza kama alivyokufundisha, kula utakachopewa, halafu unipigie. Mwambie Miss Zuhura yupo kwenye simu. Mweke vizuri kwenye kiti, mpe simu mkononi, hakikisha ameishika.

Nitasema mwenyewe. Kiingereza changu unakijua, kitavunjika, na huenda akakata simu, na akikata atakuwa na haki. Asiponielewa ataniuliza mimi.

Wewe toka nje uende uani, uwatazame kuku, usisikilize. Hata akikuita akuulize mama anasema nini, usije.

Mama yako.